Kizibo wa Hodhi la Mzee Orval

Wendell Tackett alikuwa na makalio yenye elimu. Wachache sana walilijua hilo, na hao wachache hawakuwa na haraka ya kulitangaza. Makalio hayo yalikuwa yamekaa chini ya maji ya mto Deep Fork, Oklahoma, kila Jumamosi ya Juni na Julai kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yalijifunza mambo ambayo vyuo havifundishi, na kama vingefundisha, Mungu apishilie mbali mtihani wa vitendo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kambare wa kule ni yule wa kichwa bapa, kichwa kama koleo, mdomo kama kikapu cha sokoni. Ukifika msimu wa mayai, dume hutafuta tundu lenye giza, hujifungia humo kulinda mayai, na humng'ata yeyote anayepiga hodi. Watu wa Tolliver, mji mdogo wa kando ya mto huo, hawamvui huyu kwa ndoana. Ndoana ni ya watu wa mjini Tulsa wenye kofia mpya. Wao huingia mtoni hadi shingoni, huvuta pumzi, huzama, na kusukuma mkono mtupu ndani ya tundu. Samaki akiuma, vizuri, umeshamshika. Asipouma, ujue humo ndani mna kitu kingine, na ujue upesi.

Lakini tundu zuri lina milango miwili, kama nyumba ya mwizi. Ukija kwa mbele, mwenye nyumba anatokea nyuma. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuziba nyuma, na katika ukoo wa Stamper mtu huyo alikuwa Wendell, mkwe wao, ambaye Mungu alimjalia upana pale hasa unapohitajika. Walimwita Kizibo. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa fundi wa mabomba na makaro, akizibua vyoo vya wilaya nzima. Jumamosi alikwenda kuziba. Twyla, mkewe, alisema hajaona mwanaume mwingine anayefanya kazi wiki nzima na kuitengua mwisho wa wiki.

Tundu la akina Stamper lilikuwa hodhi la kuogea la chuma, zito kama dhambi ya zamani. Mzee Orval Stamper, baba yake Twyla, alilizamisha mwaka 1974, marehemu mkewe alipopata bafu jipya. Alilipindua kifudifudi chini ya ukingo, akaacha pengo mbele la kupita mabega ya mtu, na pengo nyuma la ukubwa wa sinia. Koo nyingine kule hurithishana mashamba au bunduki. Stamper walirithishana hodhi. Mahali lilipo palikuwa siri ya ukoo, na Wendell mwenyewe alionyeshwa baada ya mwaka mzima wa ndoa, mzee alipojiridhisha kwamba harusi imeshika.

Tangu siku hiyo alikaa. Royce, mwana wa kiume wa mzee, aliingiza mkono mbele. Wendell aliketi nyuma, kichwa juu ya maji kama kiboko mpole, akisubiri. Na mtu ukikaa mahali pamoja miaka ishirini na sita, hata kama ni kwenye pengo la hodhi, utajua mambo. Maji yakisukumwa taratibu na kurudi, taratibu na kurudi, huyo ni kambare anayepepea mayai kwa mkia. Yakisukumwa kwa mkupuo mmoja, amekasirika. Yasiposukumwa kabisa na huku ngozi inakusisimka, huyo ni kasa mwenye mdomo wa mkasi, na hapo Wendell alinyanyuka bila kuaga. Kutokana na uzito wa msukumo aliweza kutaja ratili za samaki kabla hajaonekana. Alitaja kimoyomoyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aliyeulizwa ni Royce. Royce alikuwa na kifua, alikuwa na masharubu, na alikuwa na picha. Picha ilitundikwa juu ya kaunta ya duka la vyakula vya mifugo pale Tolliver: Royce amemkumbatia kambare wa ratili sitini na mbili, yaani mzito kama mtoto wa darasa la pili aliyeshiba. Chini yake pameandikwa jina lake na mwaka. Miaka kumi na tisa picha ile haikuwahi kupata vumbi, maana Royce alikuwa anaifuta mwenyewe kila alipokwenda kununua chumvi ya ng'ombe. Wendell naye yumo pichani, ukitazama vizuri. Ni kiwiko upande wa kushoto.

*

Mwaka huo, wiki ya pili ya Juni, daktari alimkataza Mzee Orval kuingia majini. Alikuwa na miaka themanini na minne, na moyo wake, kwa maneno ya daktari, ulikuwa unafanya kazi kwa hisani tu. Mzee alikasirika siku mbili, siku ya tatu akatuma neno: Jumapili, Siku ya Akina Baba, baada ya chakula cha mchana, atalitoa hodhi kwa mtu.

Sheria ya kulitoa ilikuwa inajulikana. Aliiweka baba yake na yeye hajawahi kuigeuza: tundu ni la yule aliyeumwa na samaki mkubwa kuliko wote waliotoka humo. Basi. Hakuna kura wala umri. Na mkubwa kuliko wote waliotoka kwenye hodhi alikuwa yule wa ratili sitini na mbili, na picha ilikuwa ukutani.

Wendell alikutana na Royce dukani Ijumaa asubuhi. Wendell alikwenda kuchukua gundi ya mabomba. Royce alikwenda kufuta picha.

"Shemeji," Royce alisema bila kugeuka, "Jumapili unakuja?"

"Nakaa wapi tena Jumapili? Kwa baba mkwe."

"Maana ningependa uwepo. Sio kwamba kuna lolote la kushangaza." Aliupuliza mvuke wa mdomo wake kwenye kioo, akasugua. "Nina mipango na lile hodhi. Nimemwona yule fundi wa kuchomelea kule barabarani. Ananitengenezea bamba."

"Bamba la nini?"

"Bamba la chuma. Duara, lina mpini. Unalisimamisha kwenye pengo la nyuma, unalikandamiza na jiwe, kazi imekwisha. Halichoki, halisikii baridi, halitaki sandwichi."

Muuza duka alicheka, kisha akaona uso wa Wendell, akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo mimi," Wendell alisema.

"Wewe pumzika. Una miaka hamsini na ngapi? Utatazama ukingoni na Mzee. Utatushikia taulo." Royce alimpiga bega kwa upendo, na hicho ndicho kilichouma, kwamba ulikuwa upendo kweli. "Usilichukulie vibaya, Kizibo. Hata jembe liliacha kazi trekta lilipokuja."

Wendell alitoka bila gundi. Alikaa ndani ya gari lake la kazi kwa muda. Hakuwa mtu wa makuu. Hakutaka picha wala hakutaka masharubu. Lakini kwa wiki arobaini na tatu za mwaka alikuwa mtu anayeingilia mlango wa nyuma na ndoo, ambaye watu humwambia "pole kwa harufu" na kufunga mlango. Wiki tisa tu alikuwa mtu ambaye bila yeye samaki hatoki. Sasa anabadilishwa na bamba. Afadhali angebadilishwa na mtu mnene zaidi.

Na kilichomkera zaidi ni kwamba sheria ya mzee ilikuwa upande wake. Alichohitaji ni kusema ukweli tu, na ukweli huo ulikuwa mahali pabaya sana.

*

Miaka kumi na tisa kabla, Mzee Orval alikuwa mnadani kuuza ndama, na Wendell na Royce wakaenda hodhini wawili tu. Siku hiyo Wendell, badala ya suruali nzito ya jinsi inayomfaa mtu wa kazi yake, alivaa bukta laini aliyonunuliwa kwa ajili ya fungate. Twyla alikuwa amefua jinsi zote. Huo ndio mwanzo wa balaa: kufuliwa.

Akaketi. Royce akazama mbele, akaingiza mkono. Wendell akasikia msukumo, na hesabu yake ya kimoyomoyo ikapanda: hamsini, hamsini na tano, sitini. Kisha maji yakageuka. Yule samaki hakuutaka mkono wa Royce. Alijigeuza ndani ya hodhi, akaona nyuma pamezibwa na kitu kikubwa, cheupe, chenye maua ya njano, akakichukia papo hapo.

Kambare huyu hana meno kama ya mbwa. Ana ukanda wa msasa juu na ukanda wa msasa chini, na akishauma hujizungusha kama anayekamua nguo. Wendell alitoka majini wima, jambo ambalo wataalamu wa maji watakwambia haliwezekani. Nyuma yake alitoka kambare wa ratili sitini na mbili, ameng'ang'ania shavu la kushoto, wala si la uso. Royce aliibuka mikono mitupu, akafuta macho, akaona mambo, akamkumbatia samaki akiwa bado mahali alipo. Wakavutana hadi ukingoni, watatu, kama familia.

Walipomtenganisha, Wendell alilala kifudifudi kwenye matope, na Royce alimtazama samaki muda mrefu.

"Tutasemaje?" Royce aliuliza.

"Sema umemshika wewe," Wendell alisema kwenye matope. "Sema lolote. Ila hili lisijulikane."

"Lakini shemeji, sheria ya Mzee..."

"Royce. Mimi naingia kwenye vyoo vya watu hawa. Wananitania kiasi cha kutosha."

Kwa hiyo, ili tutende haki, uongo ule aliuomba Wendell mwenyewe. Royce aliutunza tu, akaulisha, akautundika ukutani. Jioni hiyo alijisugua mkono kwa msasa wa mbao mpaka ukatoka damu, ili awe na alama ya kuonyesha. Wendell naye alimwambia mkewe ameangukia waya wa miiba. Wiki tatu alikula chakula amesimama.

*

"Waya wa miiba," Twyla alisema.

Ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo, saa ya chakula cha mchana, na Wendell alikuwa amemweleza yote huku akitazama sahani ya maharage. Twyla alikuwa mpishi wa shule ya Tolliver, mwanamke ambaye watoto mia mbili walimwogopa na walikula karoti zao.

"Samahani," Wendell alisema.

"Ni nani alikupaka dawa wiki tatu? Mimi. Asubuhi na jioni. Unafikiri nilikuwa nimefumba macho? Waya gani una taya la juu na taya la chini?"

"Ulijua?"

"Wendell, mimi ni binti wa Orval Stamper. Kovu la kambare nimeliona kabla sijaona ubao wa shule. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unajisikia vibaya. Halafu nikaendelea kunyamaza kwa sababu ilikuwa raha kukuona unaueleza ule waya. Mwaka wa kwanza ulikuwa na nyuzi mbili. Siku hizi una nyuzi tano na fahali anakukimbiza."

Wendell alisukuma maharage pembeni. "Sasa nifanyeje?"

"Unalitaka hodhi?"

"Nataka kukaa nyuma ya hodhi."

"Hayo ni mamoja. Royce akilipata, nyuma kuna bamba. Ukilipata wewe, nyuma kuna wewe. Sema."

"Nikisema, Mzee atataka ushahidi."

Twyla alimtazama, kisha akaanza kutoa vyombo mezani, mgongo wake ukitikisika. "Atataka," alisema akiwa kwenye sinki. "Vaa chupi mpya."

*

Jumapili walikula kwa Mzee Orval, uani: kambare wa kukaanga kwa unga wa mahindi, kachumbari ya kabichi, na chai baridi yenye sukari ya kuozesha jino la ng'ombe. Royce alikuwa amepaka masharubu mafuta. Alikuwa ameichukua picha yake dukani, kwa ruhusa, akaiegemeza kwenye chupa ya pilipili katikati ya meza. Mzee Orval alikaa kwenye kiti chake chenye mito, mwembamba kama fito, macho makali.

Alipomaliza kula alifuta kisu kwenye suruali. "Haya. Mnaijua sheria. Nani ameumwa na mkubwa kuliko wote?"

Royce alisimama, akakunja mkono wa shati, akaunyoosha. Kovu lilikuwepo, jekundu, limetambaa kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Aliiacha picha iseme.

"Kuna mwingine?" Mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayefunga kitabu.

Twyla alimkanyaga mumewe chini ya meza. Wendell alisimama. Alikuwa ameandaa hotuba njia nzima, yenye utangulizi, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Baba, yule wa sitini na mbili aliniuma mimi."

Mzee alitazama mikono ya Wendell, wa kulia, wa kushoto, mizima na misafi kama ya karani. "Wapi?"

"Baba, kuna watu wanakula."

"Tumemaliza kula. Wapi?"

Wendell akaelekeza kwa kidevu, juu ya bega lake mwenyewe, kuelekea nyuma.

Mzee Orval hakucheka. Hilo ndilo lililomwogopesha Wendell. Mzee alimgeukia mwanawe. "Royce. Lete mkono huo tena."

Royce aliuleta, polepole kuliko mara ya kwanza. Mzee aliushika, akaugeuza kwenye jua, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Mimi nimekuwa seremala miaka arobaini," alisema. "Mistari hii yote imelala upande mmoja. Samaki huzunguka, mwanangu. Msasa ndio unaokwenda na kurudi. Tena huu ni msasa namba themanini. Ulichukua kwenye sanduku langu."

"Baba, yeye ndiye aliyeniomba," Royce alisema.

"Nitafika kwako. Twyla, kalete taya."

Hiyo ndiyo desturi ya kule: kichwa cha samaki mkubwa hupigiliwa msumari ghalani, kikauke, kibaki mifupa, watoto waogope na wageni waheshimu. Kichwa cha yule wa sitini na mbili kilikuwa juu ya mlango wa ghala kwa miaka kumi na tisa. Twyla alirudi nacho amekishika kwa ncha za vidole, taya la juu na taya la chini yameshikana bado kwa waya, akakipuliza vumbi usoni mwa kaka yake kwa bahati mbaya.

"Ghalani," Mzee alisema. "Wanaume tu. Na Twyla."

Ndani ya ghala palikuwa na trekta bovu, marobota ya nyasi, na jua likiingia kwenye mianya ya mbao. Wendell aliinamia gurudumu la trekta. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, mlipa kodi, mshiriki wa kanisa. Alishusha suruali, akafumba macho, na akajaribu kufikiria mabomba.

"Chupi ina mabata," Mzee alisema.

"Zilikuwa zimebaki hizo tu dukani," alisema Twyla.

"Vuta pembeni, binti yangu, macho yangu hayaoni karibu vizuri. Royce, fungua mlango, lete mwanga. Usitazame pembeni, wewe ndiye uliyesababisha. Shika taya la chini."

Mfupa mkavu ukagusa ngozi. Wendell alisikia mkono wa baba mkwe wake ukisogeza kidogo kulia, kidogo juu, kwa ustadi ule ule wa kupachika bawaba. Kisha ukatulia.

Royce alibana taya la chini.

"Imekaa," Mzee Orval alisema taratibu. "Juu imekaa. Chini imekaa. Hata ukanda huu ulipopinda pembeni, alama yake hii hapa. Royce, unaona?"

"Naona, Baba," Royce alisema kwa sauti ya mtu ambaye angependa kutoona.

"Miaka hamsini sijaona kovu la namna hii. Limezunguka lote. Hapa alijipindua, hapa akajipindua tena." Mzee alisogea nyuma kutazama kwa mbali, kama mtu mbele ya mlango aliouchonga mwenyewe. "Mkwe, ulitoka naye mpaka nje?"

"Ndiyo, Baba. Hadi ukingoni."

"Ameng'ang'ania?"

"Baba, naomba nivae."

"Vaa, vaa." Mzee alikalia robota la nyasi. Sasa mabega yake yalianza kutikisika, na akacheka mpaka Twyla akaingiwa na hofu ya ule moyo wa hisani. Alipomaliza alifuta macho. "Sheria ya baba yangu inasema aliyeumwa. Haikusema mkono. Hodhi ni la Wendell."

*

Hapo ndipo mtu angetegemea Wendell apande cheo, avimbe kifua, aote masharubu. Jumamosi iliyofuata alijaribu. Mzee Orval alikuwa ukingoni kwenye kiti cha kukunja, Twyla akiwa na taulo, na Wendell alisimama mbele ya hodhi kwa mara ya kwanza maishani. Nyuma walisimamisha bamba la Royce, maana fundi alikuwa ameshalimaliza na hakuna aliyetaka lipotee bure. Royce alikaa kando, majini hadi kifuani, amenuna.

Wendell alivuta pumzi, akazama, akaingiza mkono. Giza. Baridi. Vidole vyake vilipapasa chuma, matope, kitu laini ambacho huenda kilikuwa samaki na huenda kilikuwa gogo lenye kuvu. Mkono haukumwambia chochote. Ilikuwa kama kusoma gazeti kwa kutumia kisigino. Kisha pakasikika mlio mzito kama wa kengele chini ya maji, ng'oo, bamba likalala chali, jiwe likabingirika, na kivuli kirefu kikampita Royce kiunoni na kwenda zake Texas.

Wendell aliibuka akitema maji. "Ametoka."

"Bamba limeanguka," Royce alisema. Alilitazama likiwa limelala chini ya maji. "Sikujua kama anasukuma. Lilisimama vizuri tu, halafu likaanguka."

"Aliligusa mara tatu kabla," Wendell alisema. "Lazima. Huwa anagusa mara tatu. Ya kwanza anauliza, ya pili anauliza tena, ya tatu hasubiri jibu."

Royce alimtazama. "Kila mara?"

"Kila mara."

"Miaka yote hii unajua, husemi?"

"Hukuuliza, shemeji. Ulikuwa unazama tu."

Kutoka ukingoni Mzee Orval alikohoa. "Mwenye hodhi ni nani hapo?"

"Mimi, Baba," Wendell alisema.

"Basi panga watu wako."

Wendell alifikiri. Hakufikiri sana. Walihamia chini kidogo, wakapumzisha tundu saa nzima, wakala sandwichi. Waliporudi, akazunguka nyuma ya hodhi, akakaza mkanda wa suruali yake ya jinsi, nene kuliko zote alizonazo, akaketi. Maji yalimfika shingoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani na kukuta taa zinawaka.

"Royce, nenda mbele. Usiingize mkono mpaka niseme."

Royce akaenda mbele. Masharubu yaligusa maji. Akasubiri, jambo ambalo mwili wake haukulizoea.

"Yupo mwingine ameshaingia," Wendell alisema. "Bado."

Wakasubiri.

"Bado. Anauliza."

"Mkubwa?" Royce alinong'ona.

"Nyamaza. Anauliza tena." Macho ya Wendell yalikuwa yamefumbwa. "Ratili arobaini na moja. Ana hasira kidogo, kichwa kipo kwako, kimeelekea kushoto. Ingia kwa kulia, chini. Sasa."

Royce akazama. Maji yakapasuka, yakageuka uji, mguu ukaonekana, kisha masharubu, kisha kambare, mkono mzima wa Royce umo mdomoni mwake hadi kwenye kiwiko, na safari hii mistari ya kovu isingelala upande mmoja.

Mizani ya Mzee ilisema arobaini na moja na nusu. Wendell aliomba radhi kwa hiyo nusu.

Walimkaanga Jumapili kule kanisani. Upepo ulikuwa unapuliza moto, mafuta yakiruka, mpaka Twyla akaenda garini akarudi na lile bamba la chuma, akalifunika juu ya sufuria. Lilikaa sawasawa, mpini juu. Lipo jikoni mwa kanisa hadi leo, na wanawake wa Tolliver wanamsifu Royce kwa wazo lake.

Picha ya zamani ilirudishwa dukani, juu ya kaunta. Royce aliirudisha mwenyewe, akaifuta mara ya mwisho, na chini ya jina lake Mzee Orval alikuwa ameongeza kwa penseli ya seremala: *Mbebaji. Aliyeumwa ni W. Tackett.* Wageni wakisoma humwuliza Wendell, akiwa amekuja kununua gundi, aliumwa wapi. Yeye husema, "Kwenye hodhi," hulipa gundi yake, na kutoka kinyumenyume.